Laini Moja, Watu Sita: Nani Ashike Neno la Siri?



Katika masomo ya uraia tumezoea kuanza na mambo makubwa: katiba, bunge, mahakama, uchaguzi. Leo naomba tuanze na kitu kidogo kisichozidi ukubwa wa kitabu, ambacho huenda kimewekwa juu ya kabati sebuleni kwenu, taa zake zikimemeta usiku kucha. Ni kile kisambaza mtandao, ambacho wengi wetu hukiita ruta. Laini moja ya intaneti huingia ndani yake, kisha simu, runinga na kompyuta zote za nyumba huchota humo. Kama kwenu hakuna ruta, basi huenda simu ya baba au ya mama ndiyo ifanyayo kazi hiyo jioni, ikiwagawia wengine bando lake mpaka ipate moto.

Ninayo hoja moja tu ya kukuletea. Laini ya intaneti inayotumiwa na watu wengi katika nyumba moja ni kitu cha pamoja, hata kama mlipaji ni mmoja. Kwa hiyo anayeshika neno la siri hakushika mali ya kujivunia, ameshika amana. Na namna nyumba inavyoigawa amana hiyo ni somo la uraia analolipata mtoto kabla hajafungua kitabu chochote cha katiba.

Huenda ukasema kwamba nimelibebesha jambo dogo mzigo mkubwa. Ningesema hivyo mimi pia, lau nisingalikosea kwanza nyumbani kwangu.

Sisi tunaishi Mbale, chini ya Mlima Elgon. Nyumbani tupo sita: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, mama mkwe wangu, na binti wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma kidato cha nne. Vifaa vyetu navyo vilikuwa sita: simu yangu, simu ya mume wangu, simu kuukuu ya mpwa wangu, kishikwambi cha watoto, kipakatalishi changu cha kazi, na runinga. Vyote vilitegemea ruta moja yenye kadi ya simu ndani yake, na bando la gigabaiti 30 lililokusudiwa kutufikisha mwisho wa mwezi.

Mwezi mmoja bando lilikata roho tarehe 17. Nilikasirika. Nilitazama huku na huku nikitafuta mkosaji, na macho yangu yakatua pale ambapo macho ya wakubwa hupenda kutua: kwa mdogo, tena asiye mtoto wangu wa kumzaa. Nilimwona mara nyingi ameinamia simu yake usiku. Sikumwuliza alichokuwa akikifanya. Niliongeza bando, nikabadilisha neno la siri, nikawapa wengine wote lile jipya, yeye nikamnyima. Nilimwambia, "Wewe subiri kwanza. Simu haikusaidii kupita mtihani." Akaitikia, "Sawa, Shangazi," akaenda kuosha vyombo.

Wiki tatu zilipita. Katika wiki hizo mambo mawili yalitokea, nami sikuyajua. La kwanza, mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa amewapa kazi ya kusikiliza taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam au Nairobi na kuandika muhtasari kila Ijumaa. Unajua jinsi kazi hiyo ilivyo muhimu kwetu sisi tunaojifunza lugha hii tukiwa mbali na pwani. Hapa Mbale utasikia Lugisu, Luganda na Kiingereza siku nzima. Kiswahili fasaha mara nyingi hukipati mpaka ukitafute. Mpwa wangu alikuwa akikitafuta usiku, kazi za nyumbani zikiisha. Baada ya kufungiwa hakuwasilisha muhtasari hata mmoja. Mwanafunzi wa Kiswahili, katika nyumba ya mwalimu wa Kiswahili, alikosa alama za Kiswahili kwa sababu ya mwalimu huyo.

La pili lilinichoma zaidi. Mama mkwe wangu hana simu ya kisasa. Bintiye yuko Falme za Kiarabu kikazi, na kila Jumapili jioni walikuwa wakizungumza na kuonana kwa njia ya simu ya mpwa wangu. Nilipomfungia mlango yule kijana, nilimfungia na bibi. Kwa Jumapili tatu bibi hakuuona uso wa mwanawe. Hakuniambia neno. Alidhani, kama alivyoniambia baadaye, kwamba "mambo ya mashine ni ya wenye nyumba."

Bando nalo? Mwezi uliofuata lilikata tena mapema, tarehe 19. Mkosaji wangu alikuwa amefungiwa nje, lakini ghala liliendelea kuvuja. Hapo ndipo mpwa wangu aliponijia na simu yake mkononi. "Shangazi, naomba nikuonyeshe kitu." Alifungua mipangilio, akaingia mahali panapoonyesha matumizi ya data, akanionyesha mwezi ule ambao nilimtia hatiani. Simu yake ilikuwa imetumia chini ya gigabaiti 2. Kisha akasema kwa adabu iliyonitia aibu, "Sasa tutazame na yako."

Tuliitazama. Programu yangu ya kuhifadhi picha ilikuwa ikipakia video zangu zote mtandaoni, mojawapo ikiwa ile ndefu ya siku ya michezo ya shule yetu. Ilikuwa imemeza gigabaiti 11 peke yake. Kipakatalishi changu nacho kilikuwa kikijipakulia masasisho usiku, sisi tukiwa tumelala. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, nami ndiye niliyekuwa nimeshika shoka.

Nimekusimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo halikuwa la kifaa. Ruta ilifanya kazi yake sawasawa. Kilichoharibika ni utawala. Nilikuwa mshitaki, hakimu na mtunza ufunguo kwa wakati mmoja. Nilihukumu kabla ya ushahidi. Na adhabu yangu ilimwangukia mtu ambaye hata hakushitakiwa. Mambo hayo matatu, yakitokea katika serikali, tungeyaita dhuluma bila kusita.

Ili uweze kudai haki katika jambo fulani, sharti ulielewe jambo lenyewe. Basi tuliangalie kidogo.

Neno "mtandao" lina undugu na kitenzi "tanda", yaani kuenea na kufunika. Kila kifaa kinachozungumza katika mtandao huu mkubwa huhitaji anwani ya namba, ili majibu yajue pa kurudi. Mfumo wa anwani uliozoeleka unaweza kutoa anwani 4,294,967,296 tu. Idadi hiyo ilionekana kubwa mno zamani, lakini leo watu duniani ni zaidi ya bilioni 8, na wengi wana vifaa viwili au vitatu. Mafungu ya mwisho ya anwani hizo yaligawiwa kwa mamlaka za kanda za dunia mwezi wa Februari 2011. Upo mfumo mpya wenye anwani ndefu na nyingi kupita kiasi, lakini ule wa zamani bado unatumika kwingi.

Je, nyumba yenye vifaa sita hufanyaje? Fikiria shule yako. Shule yenye wanafunzi elfu moja ina sanduku moja tu la posta. Barua zote huja kwa namba hiyo moja, kisha karani huzipokea ofisini na kuzigawa: hii ya kidato cha kwanza, hii ya mwalimu mkuu, hii ya mpishi. Ruta ni karani huyo. Ndani ya nyumba huvipa vifaa anwani za ndani, ambazo mara nyingi huanza na 192.168. Anwani za namna hiyo zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, na nyumba milioni moja zinaweza kuzitumia bila kugongana, kama vile kila shule inavyoweza kuwa na "Chumba Namba 3". Kifaa kikituma ombi, karani hulitoa nje kwa jina la nyumba nzima, huku akikumbuka nani aliomba. Jibu likirudi, hulipeleka kwa mwenyewe.

Matokeo yake kiuraia ni haya: kwa ulimwengu wa nje, nyinyi sita mnaonekana kama mlango mmoja. Mmoja wenu akituma taka na matusi, au simu yake ikishikwa na virusi vinavyosumbua tovuti za watu, anayezuiwa anaweza kuwa nyumba nzima. Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa methali hiyo si mafumbo, bali ni maelezo ya jinsi mitambo inavyofanya kazi. Ukishiriki laini, umeshiriki pia jina.

Kuna mambo mengine mawili mnayoshiriki, na watu huyachanganya. Fikiria maji. Kuna ukubwa wa tangi, na kuna unene wa bomba. Tangi ni bando: jumla ya data mliyonunua, inayohesabiwa kwa gigabaiti. Bomba ni kasi: kiasi kinachoweza kupita kwa sekunde moja, kinachohesabiwa kwa megabiti. Mnaweza kuwa na tangi kubwa na bomba jembamba, au kinyume chake. Video yenye picha safi sana huhitaji takribani megabiti 5 kwa sekunde. Kama laini yenu huleta megabiti 10, watazamaji wawili tu wamelijaza bomba, na wa tatu anayetaka kutuma kazi ya shule atazungukiwa na kile kiduara mpaka achoke. Tena video hiyo, ikitazamwa saa moja, huteka zaidi ya gigabaiti 2 kutoka tangini. Ujumbe wa maandishi hauteki hata tone.

Ndiyo maana usawa wa kumwambia kila mtu "tumia upendavyo" si usawa. Pasipo na mpango, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Runinga ina kisu kikali. Simu mpya ya mkubwa ina kisu kikali. Simu kuukuu ya mwanafunzi haina.

Na iko tofauti nyingine ambayo haionekani kwa urahisi, nayo ni mahali. Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika yanapopita ukutani, na chuma huyazuia vibaya sana. Ruta nyingi hutumia mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali zaidi lakini ni ya polepole, na gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka upesi ukutani. Ruta yetu ilikuwa chumbani kwangu, nyuma ya kabati la chuma. Mpwa wangu na mama mkwe wangu hulala katika vyumba vya uani, vilivyojengwa kwa mabati. Kumbe hata nilipokuwa nimewapa neno la siri, nilikuwa nimewapa ufunguo wa mlango wasioufikia! Mpwa wangu alikuwa akikaa usiku kwenye ngazi ya jikoni kwa sababu hapo ndipo mawimbi yalipofika. Nami nilidhani anajificha.

Sasa niijibu hoja kubwa ya wapinzani wangu, ambao najua ni wengi, na baadhi yao ni wazazi wenu. Wanasema: "Anayelipa ndiye anayeamua. Bando si la serikali. Nimelinunua kwa jasho langu."

Hoja hiyo ina uzito, na sitaidharau. Data ni ghali kwetu. Nchi yetu haina bahari. Nyaya kubwa za intaneti zilizofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009 zinatua Mombasa na Dar es Salaam, na sisi hufikiwa kupitia kwa majirani. Juu ya hayo, tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 kwenye data, ulioshika nafasi ya ule wa shilingi 200 kwa siku uliowekwa mwaka 2018 kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Mzazi anayenunua bando kila mwezi anafanya kazi ya heshima, na ana haki ya kusema, "Limekwisha, sina jingine." Tena mzazi ana wajibu wa kumlinda mtoto mdogo dhidi ya yale yasiyomfaa. Sisemi kwamba mtoto wa miaka minane apewe kila ufunguo.

Lakini kuna maswali mawili. Kwanza, nani hasa hulipa? Mimi nilitoa fedha. Mpwa wangu aliteka maji, akapika, akawaogesha watoto, ndipo mimi nikapata saa za kusahihisha madaftari na kupata mshahara ulionunua bando. Mama mkwe wangu alikaa na mtoto mgonjwa nilipokuwa kazini. Ukihesabu fedha peke yake, mlipaji ni mmoja. Ukihesabu jasho, walipaji ni wengi.

Pili, tangu lini kulipa ndiko kunakompa mtu sauti? Katika kituo cha kupigia kura hakuna anayeulizwa amelipa ushuru kiasi gani. Tajiri ana kura moja, na muuza ndizi ana kura moja. Kama tunaliona jambo hilo kuwa haki katika nchi, hatuwezi kuliona kuwa utovu wa adabu nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo, husema wahenga. Nami naongeza kwamba aliyekuwapo lakini haulizwi, naye lake halipo.

Sisi tunaoishi hapa tunajua maana ya ufunguo kushikwa na mkono mmoja. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchini kwa siku kadhaa. Wewe ulikuwa mdogo, lakini waulize wakubwa wako walijisikiaje: kutojua ndugu yuko salama au la, kutojua lini mlango utafunguliwa, kutokuwa na mtu wa kumwuliza. Nilikumbuka siku hizo nilipokaa na mama mkwe wangu nikamsikiliza akinieleza Jumapili zake tatu. Hali ilikuwa ile ile. Aliyeizusha, safari hii, nilikuwa mimi.

Unakumbuka pia kwamba shule zetu zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili, nyumba nyingi zilikuwa na simu moja na watoto wanne. Wengine walipata masomo kwa simu hiyo na wengine hawakuyapata, wakiwa chini ya paa moja. Waulize waliokosa ni nani aliyepewa zamu ya kwanza, na kwa nini. Katika majibu yao utasikia mengi kuhusu wavulana na wasichana, kuhusu watoto wa kuzaa na watoto wa kulea.

Basi nyumba ifanye nini? Naleta mapendekezo manne, ambayo sisi tumeyajaribu.

La kwanza ni kikao. Nyumba nzima ikae, hata bibi asiye na simu, kila mmoja aseme anaihitaji laini kwa ajili gani na saa ngapi. Utashangaa. Mimi niliishi miaka na watu hawa bila kujua mahitaji yao. Mkishajua, wekeni utaratibu: kazi za shule na mazungumzo na ndugu walio mbali vitangulie burudani katika saa fulani. Sisi tumetenga saa moja jioni, kuanzia saa mbili, ambapo runinga haigusi laini. Ujumbe wangu si kwamba burudani ni dhambi. Ni kwamba burudani inaweza kusubiri, lakini kazi ya Ijumaa haisubiri.

La pili ni ushahidi kabla ya lawama. Siri ya mtungi muulize kata. Simu nyingi hukuonyesha ni programu ipi imekula kiasi gani, na ruta huwa na ukurasa unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa. Tazameni pamoja kila mwisho wa wiki, mkianza na vifaa vya wakubwa. Zimeni upakiaji wa picha na masasisho ya kujiendesha, vifanyike kwa kupanga. Punguzeni ubora wa video kwenye skrini ndogo. Jicho halitaona tofauti, bando litaiona.

La tatu ni mahali. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu, mahali wazi, mbali na chuma. Tembea na simu mpaka chumba cha mwisho, kile cha mtu anayesahaulika, ukapime huko. Sisi tuliihamishia kwenye rafu ya ukumbini inayotazama uani. Haikutugharimu hata shilingi moja.

La nne ni ulinzi wa amana yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili hapa, "neno la siri" na "nywila". Tumia lolote, mradi liwe siri ya nyumba na si ya mtaa. Liwe refu, lenye maneno manne au zaidi yasiyohusiana, na lisiwe methali inayojulikana wala tarehe ya kuzaliwa. Badilisheni pia lile neno la siri la usimamizi linalokuja na ruta kutoka kiwandani, kwa kuwa ukilijua hilo unaweza kuingia kwenye mipangilio na kubadilisha kila kitu. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni; wapeni wageni huo, nanyi mtakuwa mmewakarimu bila kuwakabidhi nyumba. Jirani akiomba, msaidieni kwa njia hiyo hiyo na kwa makubaliano, mkikumbuka kwamba kwa nje yeye naye atavaa jina lenu. Hatimaye, anayesimamia ruta asiigeuze kuwa dirisha la kuchungulia. Ruta nyingine humwonyesha msimamizi majina ya tovuti zilizotembelewa. Kumlinda mtoto mdogo ni wajibu. Kumpeleleza mtu mzima mwenzako ni kuihini amana.

Huenda wewe unayesoma haya huna uwezo wa kuitisha kikao. Wewe ndiye mpwa, si shangazi. Basi jifunze kutoka kwa mpwa wangu. Hakupiga kelele, hakuiba neno la siri, wala hakumtuma mtu. Alikuja na namba, akaomba ruhusa, akaonyesha yake kwanza, ndipo akaomba kuona yangu. Hivyo ndivyo raia anavyodai haki mbele ya mwenye madaraka: ushahidi mkononi, lugha ya heshima, na ujasiri wa kusema "sasa tutazame na yako." Lakini sitakudanganya kwamba kila mkubwa atakuonyesha yake. Mimi mwenyewe nilisita. Nilikuwa na neno la ukali mdomoni, na kama bibi asingalikuwa amekaa pale mlangoni akitutazama, sijui kama ningalilimeza.

Nilimwomba radhi mbele ya wote, maana nilimhukumu mbele ya wote. Nilimwandikia mwalimu wake barua kueleza. Alama za wiki tatu hazikurudi, na sikustahili zirudishwe kwa barua yangu. Neno la siri la sasa alilitunga yeye. Tunalijua watu sita, akiwemo bibi, ambaye hana kifaa cha kuliingiza lakini alidai aambiwe. Alisema anataka kulijua tu.

Jioni ya leo, mwanafunzi wangu, tembea na simu mpaka chumba cha mwisho cha nyumba yenu. Tazama kama mawimbi yanafika. Kisha mwulize anayelala humo: laini hii ingekufaa kwa jambo gani? Andika jibu lake kwa Kiswahili, aya moja tu, ulete darasani. Tutazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine.

Mwalimu wako.